Daktari, nitibu kifua au nipime vumbi?

"Shikamoo daktari. Mimi ni daktari wa miaka 29. Nilimaliza utarajali miaka mitatu iliyopita na sasa niko kituo cha afya wilayani Simanjiro, karibu na machimbo ya tanzanite. Napokea vijana wengi wa machimboni wenye kikohozi, kifua kubana na kukonda. Wengi wameshameza dawa za TB mara mbili, wengine mara tatu, na makohozi yao hayajawahi kuonyesha kimelea. Nimeanza kuwaandika kwenye daftari langu, wamefika 31. Nimewaambia nyumbani kwamba nataka kusomea utafiti wa magonjwa ya kazini na mazingira. Baba hajalala tangu siku hiyo. Anasema hakunisomesha udaktari nikakague vyoo na helmeti, bora niwe daktari wa upasuaji. Wenzangu nao wanasema huko hakuna mgonjwa wala hela. Wakati huohuo kampuni moja ya madini imeniita niwe daktari wao, kwa mshahara unaozidi mara mbili ya huu wa sasa. Naomba kujua: hii kazi ipo kweli, au ni mambo ya semina tu? Ni lazima niwe bingwa wa hesabu? Nikichukua ajira ya kampuni, naweza kufanya utafiti nikiwa ndani? Na hili daftari nilifanyie nini?"

Marahaba, mwanangu, na pole na kazi. Hofu ya baba naielewa, na ya mshahara naielewa. Lakini nilipolisoma swali lako mara ya pili nilikwama kwenye ile sentensi ya makohozi, kwa sababu hapo umeshaianza kazi ambayo unauliza kama ipo. Niruhusu nianze na wagonjwa wako, maana wao hawawezi kusubiri usome kwanza. Shahada, hela na kampuni tutavifikia.

Mwamba wanaoutoboa hao wanaapolo, vijana wa machimboni, una madini yanayoitwa silika. Kijana akishika drili kavu ndani ya shimo, jiwe linasagika kuwa vumbi la kila saizi. Lile analolitema usiku na kuliona jeusi kwenye leso silo la kuogopwa zaidi, kwa kuwa pua na koo vimeshalikamata. La hatari ni lile asiloliona: chembe zisizozidi maikromita 4 hivi, wakati unywele mmoja wa kichwani una unene wa maikromita kama 70. Hizo zinashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya hewa. Huko zinakutana na seli ambazo kazi yake ni kumeza uchafu. Seli inaimeza silika, silika inaipasua, na ikifa inamwaga kemikali zinazoita seli nyingine, ambazo nazo zinaimeza chembe ileile na kufa. Kila mzunguko unaacha kovu. Makovu yanakuwa vinundu, vinundu vinaungana, na pafu lililotakiwa kutanuka kama sponji linakakamaa. Hiyo ndiyo silikosisi. Kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi kujitokeza, lakini vumbi likiwa jingi sana inaweza kuja ndani ya miaka mitano, na hata mapema kuliko hapo. Kijana akiacha shimo akarudi kwao kulima, silika aliyoibeba inabaki kifuani na ugonjwa unaweza kuendelea bila yeye kuvuta vumbi jipya. Dawa ya kuyaondoa makovu hayo hakuna.

Sasa zile seli zinazokufa ndizo zilizopaswa kupambana na kimelea cha TB. Ndiyo maana mtu mwenye silikosisi ana hatari ya kupata TB mara tatu ya wengine au zaidi. Kwa hiyo nakuomba usilichukue jibu langu ukaanza kufuta TB kwenye majalada. Mgonjwa wako anaweza kuwa na moja, nyingine, au zote mbili. Kumpa dawa za TB kwa mara ya tatu bila kumuuliza habari za vumbi ni kosa. Kumwambia "ni vumbi tu" wakati kimelea kipo ni kosa kubwa zaidi. Na eksirei itakuchanganya, kwa kuwa vinundu vya silikosisi hupenda sehemu za juu za mapafu, palepale ambapo TB nayo hupenda. Hao 31 usiwamalize peke yako kituoni. Hospitali ya Kibong'oto iko mkoa wa jirani, Kilimanjaro, na imekuwa ikiwachunguza wachimbaji wa tanzanite wa Mirerani kwa TB na silikosisi kwa pamoja, kwa hiyo wana macho yaliyozoea picha hizo. Wapeleke huko na maelezo kamili ya kazi zao, wapimwe VVU pia. Anayekohoa damu, anayehema akiwa amekaa tu, au aliyebadilika ghafla ndani ya wiki moja, huyo aondoke siku hiyohiyo.

Hili la TB isiyosikia dawa limeshawahi kufungua mlango mkubwa katika fani yetu. Miaka ya 1950, katika hospitali ya TB mjini Kimberley, Afrika Kusini, Daktari Sleggs aligundua jambo lililomsumbua. Wagonjwa wake wenye matatizo ya utando wa mapafu kutoka upande mmoja wa eneo lile walipona kwa dawa za TB, ila waliotoka upande wa magharibi hawakupona. Ugonjwa ulikuwa unaitwa jina moja na dawa ilikuwa ileile. Akauliza hawa wa magharibi wana nini. Magharibi kulikuwa na migodi ya asbesto ya bluu. Sleggs, mwanapatholojia Wagner na daktari wa upasuaji wa kifua Marchand walikusanya wagonjwa 33 wa saratani adimu ya utando huo, na mwaka 1960 wakachapisha. Kilichoshtua ni kwamba baadhi yao hawakuwahi kuwa wachimbaji. Walikuwa wameishi karibu na migodi, wengine wakiwa watoto, wakacheza kwenye vifusi, na saratani ikawafuata miongo kadhaa baadaye. Tangu hapo ikawa vigumu kutenganisha neno "kazini" na neno "mazingira". Ugunduzi ule haukuanzia kwenye maabara ya kifahari. Ulianza kwa daktari wa hospitali ya pembezoni aliyeona kwamba dawa haifanyi kazi na akataka kujua wagonjwa wametoka wapi. Angalia daftari lako tena.

Sasa nije kwa baba yako na vyoo vyake, na nasema kwa heshima, maana hata marehemu mama yangu aliuliza hivyohivyo. Wako watu wanaokagua helmeti, matundu ya vyoo na vizima moto. Kazi hiyo ni ya lazima, na nchini kwetu sheria ya mwaka 2003 ya usalama na afya mahali pa kazi imewapa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, mamlaka ya kuifanya. Mtafiti kazi yake ni kujibu maswali ambayo mkaguzi hawezi kuyajibu kwa macho: kitu gani hasa hewani kinaumiza, kiasi gani, kwa muda gani, kinamuumiza nani kuliko mwenzake, na kipi kikibadilishwa watu wanapona au hawaugui kabisa. Daktari wa upasuaji anamwokoa aliye mezani, na Mungu ambariki. Sisi tunapima leo kitu ambacho kitaua baada ya miaka 20, ili mtu asifike mezani. Ugumu wa kazi na uzuri wake umo humo: ukisubiri wagonjwa waonekane, umechelewa kwa kizazi kizima.

Wala si machimbo tu. Watafiti wa Muhimbili, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, walipima hewa katika viwanda vya kukoboa kahawa vya hapa nchini. Wakakuta kwamba vumbi la viwanda vya robusta limebeba sumu ya bakteria nyingi kuliko la arabika. Kahawa ni kahawa, utasema. Lakini robusta hukaushwa na maganda yake, wakati arabika kwa kawaida huoshwa kwanza, na tofauti hiyo ya shambani ndiyo inayoingia kifuani mwa kibarua wa kiwandani. Katika mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, wenzetu hao walikuta wanaochonga njia kwenye mwamba wanavuta silika nyingi kuliko wanaochimba makaa yenyewe. Bila kipimo, nani angejua aanze kumwagia maji upande upi? Chukua pia Geita, ambako dhahabu iliyoshikwa kwa zebaki huchomwa, mara nyingine uani nyumbani, na mvuke wake ukivutwa sehemu kubwa inaingia kwenye damu. Anayechoma yuko kazini. Mtoto anayecheza pembeni yake hayuko kazini, na mapafu yake yanapokea mvuke uleule. Na kule Owino Uhuru, Mombasa, madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu iliingia kwenye damu ya watu wa mtaa mzima. Mahakama iliamuru mwaka 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya mvutano wa rufaa, Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo Desemba 2024. Vipimo vya damu na vya udongo vilikuwa na sauti mahakamani. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu wapime kana kwamba siku moja wakili wa upande wa pili atakisoma kila kipimo.

Umeuliza kama kazi hii ipo kweli, kwa hiyo nikupeleke mahali nilipoanzia, uone tunafanya nini hasa. Ilikuwa korona moja, yaani kiwanda cha kusindika mkonge, kwenye chumba cha brashi, ambako nyuzi hupigwa mpaka zinang'aa na hewa yote inageuka rangi ya maziwa yaliyochakachuliwa. Saa kumi na mbili na nusu alfajiri nawafunga wafanyakazi pampu ndogo kiunoni, inayovuta lita 2.2 za hewa kwa dakika. Mpira unapanda mgongoni, unatokea begani, na mwisho wake kuna kichujio cha upana wa milimita 37, kimebanwa kwenye kola ya shati, karibu na pua. Kwa saa nane pampu hiyo inapitisha takriban mita moja ya ujazo ya hewa. Kichujio kilipimwa uzito kabla, na kitapimwa tena baada. Ili uelewe udogo wa tunachokitafuta: kiwango cha juu cha silika ambacho Marekani inaruhusu tangu mwaka 2016 ni miligramu 0.05 kwa kila mita ya ujazo, yaani karibu na uzito wa punje moja ya chumvi ya mezani, iliyogawanywa katika hewa yote ambayo pampu ile inaivuta kwa siku nzima ya kazi. Jicho haliwezi kukuambia kama punje hiyo ipo au haipo.

Siku ya tatu kichujio kimoja kilitoka cheupe kabisa wakati vya majirani zake vilikuwa vya kaki. Nilifurahi, nikadhani nimepata sehemu salama ndani ya korona. Mzee mmoja wa zamu akaniita pembeni: "Binti, mashine yako imeshinda kwenye msumari." Yule mama niliyemfunga pampu ile aliivua na kuitundika, maana mkanda ulikuwa unanasa kwenye roli, na mkono wake alikuwa anauhitaji kuliko utafiti wangu. Alikuwa sahihi. Tangu siku ile sijawahi kufunga pampu nikaenda kukaa ofisini. Nakaa mle ndani zamu nzima, naandika kila nusu saa nani yuko wapi, nani kafungua dirisha, mashine ipi imezimwa. Namba ya maabara ikija bila daftari hilo haina maana yoyote.

Hapo ndipo ilipo hesabu unayoiogopa. Si lazima uwe bingwa. Unahitaji kuelewa takwimu vizuri kiasi cha kubishana na mtakwimu wako, na hilo linafundishika. Usichoweza kufundishwa darasani ni kujua kwamba mkanda unanasa kwenye roli.

Kuna mtego mmoja lazima nikuonyeshe, kwa sababu wasimamizi wa migodi watakutupia usoni. Watasema: "Tumewapima wafanyakazi wetu wote, wako salama kuliko hata watu wa mtaani." Na watakuwa wanasema kweli. Ukipima walioko kazini leo, umewapima waliokuwa na nguvu za kuajiriwa na ambao bado wana nguvu za kubaki. Aliyeanza kuhema alishaondoka mwaka juzi. Yuko kijijini, anaitwa mgonjwa wa kifua, na kwenye orodha ya kampuni hayupo. Wanasayansi wanaiita athari ya mfanyakazi mwenye afya, na imewadanganya watu wazito. Mimi ilinidanganya palepale kwenye mkonge. Vipimo vya kupuliza, vya kupima nguvu ya mapafu, vilitoka vizuri, nikaanza kuandika ripoti ya matumaini. Mwenyeji wangu akanitembeza kambini, nyumba za waliostaafu na walioachishwa. Nyumba ya tano nilikuta mwanamume wa umri wangu ameegemea ukuta, mikono magotini, anatafuta pumzi ya kuniitikia salamu. Ripoti niliichana.

Tuje kwenye kampuni, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Daktari wa kampuni anaweza kufanya kazi njema sana. Anawaona wafanyakazi kabla, wakati na baada ya ajira, ana kumbukumbu za miaka, na anajua siku gani maji ya drili yalikatika. Mtafiti wa nje anaota kuvipata vitu hivyo. Tatizo ni moja: matokeo ni mali ya nani?

Huko Minamata, Japani, Daktari Hosokawa Hajime alikuwa anaongoza hospitali ya kiwanda cha kemikali. Tarehe 1 Mei 1956 hospitali yake ndiyo iliyotoa taarifa ya ugonjwa wa ajabu wa mishipa ya fahamu uliokuwa unawapata watu wa pwani ile. Akaanza kuwapa paka chakula kilichochanganywa na majitaka ya kiwanda chenyewe. Oktoba 1959 paka namba 400 akaugua dalili zilezile za binadamu. Uongozi ukamzuia kuendelea, na matokeo yakabaki ndani. Zebaki iliendelea kumwagwa baharini hadi mwaka 1968. Hosokawa aliyasema ya paka 400 mbele ya mahakama mwaka 1970, akitoa ushahidi kitandani hospitalini, saratani ikiwa imemzidi, na mwaka huohuo akafariki. Simsimulii kumhukumu. Alikuwa daktari mwema aliyewapenda wagonjwa wake, na ajira yake ikamfunga mdomo kwa miaka zaidi ya kumi. Mji huo ndio ulioupa jina Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania nayo imeuridhia.

Mimi nami nilisaini nisichokisoma vizuri. Kiwanda kimoja kilinikaribisha nipime, na kwenye makubaliano kulikuwa na kifungu kwamba ripoti haitoki bila "ridhaa ya maandishi" ya mwenyeji. Ridhaa haikuja. Kazi ya miezi 14 ilikaa kwenye droo kwa miaka mitatu, na wale walionipulizia kipimo wakaendelea kuniuliza kila nilipopita, "Daktari, majibu yetu vipi?" Sina usiku unaoniumiza kuliko nikikumbuka sauti hizo. Kwa hiyo ukienda kwenye hiyo ajira, nenda kama tabibu na ufanye kazi yako kwa moyo. Ukitaka kutafiti ukiwa ndani, hakikisha yafuatayo yameandikwa na kusainiwa kabla hujagusa pampu: utafiti unasimamiwa na chuo na una kibali cha kamati ya maadili, kila mfanyakazi anapewa majibu yake mwenyewe, kampuni ina haki ya kusoma na kutoa maoni lakini haina haki ya kuzuia, na siri za mgonjwa haziendi kwa ofisa utumishi. Wakikubali, umepata mwajiri wa nadra na ningekushauri uende. Wakisitasita, umeshapata jibu. Usianze kukusanya kimyakimya kwa nia njema. Utawaumiza wafanyakazi, na ushahidi wenyewe utatupwa.

Kuhusu njia yenyewe, ndiyo, ipo. Muhimbili kuna idara ya afya ya mazingira na kazi, na shahada ya uzamili ni ya miaka miwili. Chuo Kikuu cha Cape Town kina stashahada ya uzamili ya afya ya kazi inayofaa madaktari ambao wako kazini tayari, na wenzetu wengi wa Afrika Mashariki wamefanya uzamivu wao kwa ushirikiano na Bergen, vipimo vikifanyika hapa nyumbani. Uzamivu unachukua miaka mitatu hadi mitano, na wa kwetu hurefuka kwa sababu kiwanda kinaweza kufungwa ukiwa katikati ya vipimo. Baada ya hapo kuna chuo, kuna NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kuna serikali, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ambao unahitaji madaktari wanaojua kutathmini ugonjwa uliotokana na kazi, na kuna mashirika ya kimataifa. Hela, nikwambie ukweli, haitafikia ya daktari wa upasuaji mwenye kliniki yake jioni. Mshahara wa chuo unatosha kuishi kwa heshima na kusomesha. Ruzuku za utafiti zinakuja na kuondoka, na utatumia usiku mwingi kuandika maombi ambayo mengi yatakataliwa. Kama una wadogo zako wanaokutegemea sasa hivi, miaka miwili ya mshahara wa kampuni ukiweka akiba kabla ya uzamili si dhambi, mradi masharti niliyoyasema uyazingatie.

Ila usifanye uamuzi huu kwa maandishi yangu peke yake. Omba likizo ya siku tano, nenda ukakae na mtafiti mmoja akiwa uwandani, mbali na ukumbi wa mkutano. Umbebee pampu. Kama kufikia siku ya nne kusubiri zamu iishe kumekuchosha roho, utajua, na hakuna aibu kwenda kushika kisu. Ongea na msimamizi mtarajiwa uso kwa uso pia, na umuulize wanafunzi wake waliopita wako wapi.

Kampuni, chuo na baba wote wanaweza kusubiri kidogo, ila daftari lirekebishe wiki hii. Kwanza, kama lina majina, lifungie kabatini na uanze jingine lenye namba tu. Picha za eksirei zenye majina zifute kwenye simu, na usimtumie mtu yeyote kwenye WhatsApp, hata mimi. Kama tabibu una haki ya kuandika historia ya mgonjwa wako, lakini siku unayotaka kuichapisha inakuwa utafiti, na utafiti unahitaji kibali cha maadili na kibali cha uongozi wa afya wa wilaya. Mweleze Mganga Mkuu wa Wilaya mapema, asilisikie kwa watu.

Halafu ongeza safu. Neno "mchimbaji" peke yake halinisaidii kitu. Mwaka 1700 Ramazzini, daktari wa Italia, aliwaambia wenzake kwamba pamoja na maswali yote ya kawaida wamuulize mgonjwa anafanya kazi gani. Wewe nenda mbele zaidi: ndani ya shimo alikuwa anafanya nini. Alishika drili, alilipua baruti, alivuta mawe kwa kamba, au alichekecha juu? Alianza mwaka gani, akatoka lini, akarudi lini? Drili ilikuwa na maji au kavu? Baada ya baruti walikaa muda gani kabla ya kurudi chini? Alifunga nini usoni? Wengi watakuonyesha kitambaa, na kitambaa hicho hakizuii chembe za maikromita 4. Kabla ya hapo alifanya kazi gani, na wapi? Analala wapi, na nguo za kazi anafua nani?

Mwisho wa mahojiano muulize majina ya utani ya wenzake watatu aliofanya nao shimo moja ambao siku hizi hawaonekani, na wamekwenda wapi. Usiyaandike kwenye daftari la namba. Yaandike pembeni, kwa ajili ya kuwatafuta pale kibali kitakapotoka.